Msalaba Mwekundu Ukutani Suva

Saa kumi na moja jioni nusu ya jiji la Suva, Fiji, hushuka kutembea kando ya ukuta wa bahari, na hapo ndipo Alumita alipoipiga teke ndoo ya rangi ya Semesa. Alikuwa ametoka kazini na sare yake ya benki, bluu yenye maua, na raba nyeupe. Sasa moja ilikuwa nyekundu. Semesa, mkaguzi wa ukuta, alikuwa akichora kwenye jiwe msalaba wa kumi na mbili, alama ya jiwe bovu. Badala ya kugomba, alimuuliza kwao ni kijiji gani. Alipojibiwa akacheka: vijiji vyao ni watani tangu enzi za mababu. Kuanzia hapo Semesa akamwita Alumita Mla Popo, naye Semesa akaitwa Mwizi wa Mihogo.

Wakawa wanatembea kila jioni hadi kona ya Nasese, wakila roti, chapati za Kihindi, na kutukanana kwa raha. Shida ya watani ni kwamba hakuna anayemwamini mwenzake. Semesa alimwonya kwamba lile jiwe la msalaba, ambalo Alumita alipenda kulikalia, limeliwa na bahari kwa chini. Alumita akamuuliza kama waliolila ni watu wa kwao Semesa. Jioni moja Semesa akamwambia anataka kumwoa. Alumita akacheka mpaka akapaliwa.

Semesa hakucheka. Siku tatu hakuonekana.

Siku ya nne mbingu ilikuwa safi, lakini maji ya kijivu yalipanda bila upepo. Redio ilikuwa imetaja kimbunga, mbali kaskazini. Watembeaji walikuwa wachache. Alumita, kwa kiburi na hamu, aliruka utepe wa tahadhari, akaketi juu ya msalaba, akapiga simu.

"Niko kwenye jiwe lako, Mwizi wa Mihogo. Njoo unitoe."

"Ondoka hapo."

"Unaniogopea, au umenimisi?"

 Chini ya jiwe kitu kilinguruma, kama tumbo lenye njaa.

"Alumita," Semesa akasema. "Inuka. Sasa hivi."

Hakuwahi kumwita hivyo. Jina lake mwenyewe lilimtia baridi, akainuka, akarudi nyuma hatua tatu, nne. Wimbi lililokuja halikuwa kubwa. Lilisukuma tu, na jiwe likazama pamoja na kipande cha njia.

Semesa alifika mbio, kiatu kimoja mguuni. Alimkuta bado ameshika simu sikioni, akitazama shimo.

"Na lile la kunioa?" Alumita aliuliza.

"Wazee wetu walishapata jino la nyangumi la kuposea. Walikuwa waje kuposa Jumapili. Uliponicheka nikawazuia."

Maji yalipanda tena, yakalowesha raba yenye rangi. Alumita alimshika mkono kwa nguvu.

"Waambie waje, Semesa."

Naye Semesa, aliposikia akimwita kwa jina lake kwa mara ya kwanza, akaogopa. Wakaondoka kupitia katikati ya barabara, mbali na ukuta, ambako bado kulikuwa na misalaba kumi na mmoja.