Kapu Ambalo Bibi Hakulikagua

Kijiji cha Mahulo kiko mlimani, mbali kidogo na mji wa Songea, na msitu wa hifadhi umekizunguka pande zote. Mvua zikianza, watoto huchuma uyoga pembezoni mwa msitu, kisha hupeleka makapu yao kwa Bibi Lidwina. Yeye hukagua uyoga mmoja mmoja. Akikuta hata mmoja asioujua, humwaga kapu zima, na hakuna anayebishana naye.

Lakini mwaka ule wafanyabiashara wa mjini walikuwa wameanza kupanda mlima kununua chochote kinachoota, na uyoga ulikwisha mapema. Kunegunda, msichana wa darasa la tano, hakupata hata wa kufunika chini ya kapu. Akavuka mpaka wa hifadhi, akaingia msitu mnene ambao watoto wote walikatazwa. Huko aliona uyoga mweupe, mnono, asioujua. Akauchuma mpaka kapu likajaa.

Aliporudi, aliipita nyumba ya Bibi Lidwina mbio mbio. Kumwagiwa kapu mbele ya wenzake ilikuwa aibu asiyoitaka.

"Bibi amekagua?" aliuliza mama yake, Ursula.

"Amekagua, mama."

Mama aliamini. Aliuunga uyoga kwa karanga, na harufu ikamvuta jikoni George, mdogo wake Kunegunda, mtoto wa miaka minne. Kunegunda alijipa moyo. Uyoga mzuri namna hii utadhuruje?

Mama alipoipua, alipakua kwanza bakuli moja.

"Mpelekee Bibi Lidwina. Ametukagulia, naye aonje."

Kunegunda alilipokea, akabaki amesimama palepale. Akienda kwa bibi, uongo utajulikana. Na akishatoka tu, huku nyuma watakula.

"Nenda basi, linapoa," mama alisema, akimsogezea George sahani. Mtoto akakata tonge la ugali, akalichovya, akalipeleka mdomoni.

Kunegunda aliachia bakuli, akaupiga mkono wa mdogo wake. Tonge likaanguka majivuni. George akaangua kilio.

"Una wazimu wewe?"

"Bibi hakukagua, mama. Nilidanganya. Nimeuchuma ndani ya msitu."

Mama alimpanua George kinywa, akapitisha kidole. Hakukuta kitu. Alimbeba mtoto, akachukua uyoga uliobaki kapuni, wakaenda wote kwa Bibi Lidwina.

Bibi aliitikia shikamoo zao, akaugeuza uyoga mweupe kwenye mwanga.

"Siujui," alisema. "Pengine ni mzuri, pengine unaua. Nisioujua siupiki."

"Niliogopa utamwaga kapu, bibi," Kunegunda alisema huku akilia.

"Ningelimwaga, ndiyo. Ukweli wako umechelewa, mjukuu wangu. Shukuru umelitangulia tonge."

Mama alikuwa bado amemkumbatia George.

"Kapu likimwagwa, kesho utachuma jingine," alimwambia Kunegunda. "Mdogo wako ningemchuma wapi?"