Kengele ya Upepo Wakati wa Theluji

"Mama Kikuchi, hivi mtu mwenye akili zake timamu ananunua kengele ya upepo ya nini, na theluji yote hii?"

Jirani yangu Bi. Oikawa aliniuliza hivyo Jumamosi mchana, amesimama mlangoni kwangu anakung'uta viatu. Mimi nina mkahawa mdogo hapa mjini Morioka, huku kaskazini kwenye baridi, yeye ana duka la vyombo vya chuma na anaishi humohumo, ukuta kwa ukuta na mimi. Kengele za upepo anazitundika barazani joto likianza, upepo ukizigusa zilie, watu wajisikie kupoa. Joto likiisha anazifunga na kuzipandisha juu ya kabati, na hakuna mtu anayezikumbuka tena mpaka mwaka mwingine.

"Nani kanunua?"

"Yule kijana wako wa Jumapili. Tomoharu. Kanipandisha ngazi na magoti yangu haya! Nikamwambia, mwanangu, njoo kiangazi. Kasema hapana, anaitaka leo leo, tena nimfungie vizuri kwenye boksi."

"Labda anampelekea mtu wa kusini, kwenye joto."

"Kusini! Nimeyaona macho yake, mwenzangu. Yule zawadi yake haipandi hata treni."

Tukacheka, nikamwekea kahawa, yakaishia hapo. Sina tabia ya kufukua mambo ya watu. Tangu mume wangu afariki, kila asubuhi naweka wali na chai mbele ya picha yake, nafumba macho namwombea, kisha nafungua mlango wa mkahawa. Mdomo wangu ni mzito. Ila macho, macho hayana kufuli.

Jumapili wakaja, Tomoharu na wenzake watatu, kama kawaida yao. Hawa ni watu wazima wenye kazi zao, lakini wakikaa meza yangu ya dirishani wanagombana kama watoto, na ugomvi wenyewe ni katuni. Kuna hadithi ya katuni inatoka kila Jumatatu kwenye jarida, inamhusu Sayo, msichana anayevusha wasafiri mlimani kwenye theluji. Sayo ana wanaume wawili. Hayato, shujaa wa upanga, anayekuja na kupotea. Na Rensuke, mchoma mkaa, ambaye kibanda chake kiko palepale siku zote. Sayo atamchagua nani? Miaka na miaka wanabishana hilo. Na kesho yake, Jumatatu, hadithi ilikuwa inafika mwisho.

"Sayo hawezi kumwacha Hayato!" Mwalimu Genta alipiga meza, vikombe vikaruka. "Mtu kapigwa mishale mitatu kwa ajili yake!"

"Mishale mitatu, na barua hata moja hajaandika," Nanae akamjibu. "Mwanamume wa kuvuja damu halafu haagi, wa nini?"

"Na huyo mchoma mkaa wenu kafanya nini la maana?"

"Anamngojea!"

"Anaota moto!"

Misuzu alicheka mpaka akajifuta machozi. Misuzu na Nanae wanafanya kazi pamoja mapokezi, kwenye kliniki ya meno. Nanae kelele. Misuzu mtulivu, ila akifungua mdomo watu wanaweka vijiko chini.

"Nisikilizeni," akasema. "Rensuke anampenda, sikatai. Lakini lini amewahi kuomba kitu asichokuwa na hakika atapewa? Sayo anatoka kwenye dhoruba, anasimama mlangoni kwake, barafu mpaka kwenye nyusi. Na yeye anamuuliza nini? 'Umekula?' Mara zote! 'Umekula?' Jamani, mwanamke hapandi mlima kufuata chakula!"

"Sema, dada, sema!" Mwalimu Genta akashangilia.

Misuzu alikuwa anasema na meza nzima, lakini macho yake yalikuwa kwa Tomoharu.

Sote tulijua. Tomoharu anaendesha lori linalosambaza majarida na vitabu madukani, ni kijana mpole, mchapakazi, hana baya na mtu. Miti ya micheri ilipochanua, theluji ilipokwisha, alimtuma shangazi yake kwenda kumposa Misuzu. Misuzu akampa shangazi chai, akamwinamia kwa heshima, akamwambia, "Mwambie mwenyewe ana mdomo." Tangu siku hiyo mwenyewe hakuufungua. Alikuwa anakuja Jumapili, anakaa karibu na Misuzu, anamsogezea sukari.

Jumapili ile alisimama.

"Kesho Sayo anamchagua Rensuke," akasema. "Siyo labda. Anamchagua."

"We Tomo," Mwalimu Genta akamtazama juu mpaka chini, "leo umekunywa nini?"

"Kahawa ya Mama."

"Basi Mama, na mimi nipe hiyo hiyo!"

Watu wakacheka. Tomoharu hakucheka. Masikio yamemwiva, lakini sauti imetulia.

"Misuzu. Tuweke dau. Nikishindwa, neno ndoa hutalisikia tena kinywani mwangu, wala kwa shangazi. Nikishinda, unanijibu hapahapa, mbele ya hawa."

Birika langu tu ndilo lililokuwa linaongea.

"Unajua unachokisema?" Misuzu akamuuliza polepole.

"Najua."

"Yaani uko tayari kunikosa maisha yako yote, kwa ukurasa mmoja wa katuni?"

"Niko tayari."

"Nakubali."

Nanae alipiga yowe mpaka Bi. Oikawa akagonga ukuta. Wakapanga kwamba kesho saa moja asubuhi, kabla ya kazi, wakutane kwangu. Mwalimu Genta atanunua jarida, Nanae atasoma kwa sauti, na asiwepo wa kuchungulia kabla. Misuzu akatoa simu palepale, akamwandikia Tomoharu aliye mbele yake, kwa utani.

"Usisome kabla yangu. Apa."

Simu ya Misuzu ikalia papo hapo. Akaisoma kwa sauti, akitabasamu:

"'Naapa kwa kaburi la baba.'"

Mimi mkono ulisimama kwenye kikombe. Kaburi la baba mtu haliapiwi kwa sababu ya katuni. Lakini nikajiambia, vijana.

Walipotoka, Misuzu alibaki kunisaidia kuosha vikombe.

"Mama, umemwona?"

"Nimemwona."

"Kumbe anaweza!" Alikuwa anang'aa kama mtoto aliyevalishwa kimono kipya. "Mwanamume aliyemtuma shangazi yake leo kasimama mwenyewe, bila kushika ukuta."

"Na akishindwa kesho?"

Akacheka kidogo, akakifuta kikombe kilekile mara ya pili.

"Akishindwa nitamwambia ndiyo mimi mwenyewe. Akishinda, ndiyo. Nilichokuwa nakitaka, Mama, nimekipata leo. Lakini usimwambie, umesikia? Mwache alale na roho juu siku moja tu."

"Mimi nimwambie? Labda hiyo theluji imwambie."

Asubuhi nilimpa mume wangu wali na chai, nikamtajia mbele ya picha yake kwamba huenda leo pakawa na habari njema. Saa moja walikuwa wote mezani. Nikawawekea mkate mnene wa siagi, hakuna aliyeugusa. Tomoharu alikuwa amevaa koti lake zuri, na chini ya meza, kati ya miguu yake, kulikuwa na boksi.

Nanae akaanza kusoma. Anasoma, halafu anainua ukurasa kila mtu auone.

Hayato akateremka mlima peke yake. Hakugeuka nyuma. Mwalimu Genta akajifunika uso kwa kofia.

"Jikaze, Mwalimu."

"Niacheni. Mishale mitatu, jamani!"

Sayo akapotea kwenye dhoruba. Kurasa nyeupe tupu, haoni njia, haoni mlima, haoni hata mkono wake mwenyewe. Halafu, kwenye weupe ule, sauti ndogo. Mara moja. Tena. Sayo akaifuata. Akafika kibandani kwa Rensuke, na juu ya mlango, katikati ya theluji, imetundikwa kengele ya upepo.

Nanae akasoma polepole:

"'Usiniulize kama nimekula,' Sayo akasema. 'Nimekuja kukaa.'"

Jarida likafungwa. Nanae analia, Mwalimu Genta analia, mmoja kwa furaha, mwingine kwa msiba. Na mimi nimeshikilia birika nimesimama kama nguzo, kwa sababu swali la Bi. Oikawa lilikuwa limenirudia sikioni, neno kwa neno.

Tomoharu akainuka, akaweka boksi mbele ya Misuzu.

"Fungua."

Misuzu akafungua. Kengele ya upepo, ya chuma, nyeusi, na kijikaratasi chake cha kushika upepo kikining'inia.

"Mungu wangu!" Nanae akashika kichwa. "Haya ni majaliwa! Majaliwa kabisa, na kama siyo majaliwa basi sijui ni nini!"

"Nimeshindwa," Mwalimu Genta akasema kutoka kwenye kofia. "Nimeshindwa kihalali. Oaneni."

Misuzu aliishika kengele kwa mikono miwili, machozi yamejaa.

"Ulijuaje, Tomo?"

"Moyo uliniambia."

"Jibu langu..." akaanza. Akakunja karatasi iliyokuwa imefunga boksi ili aweke kengele vizuri, na mkono wake ukasimama. Ilikuwa karatasi ya buluu yenye picha ya birika. Mtaa wote tunaijua.

"Ni ya Bi. Oikawa," akasema.

"Ndiyo," Tomoharu akajibu. "Si unapenda vitu vyake?"

"Navipenda. Lakini asubuhi hii hajafungua. Na jana ilikuwa Jumapili, hafungui." Akageuka. "Mama. Alinunua lini?"

Tomoharu akanitazama. Sijawahi kutazamwa vile na mtu mzima. Macho yale yalikuwa yananiomba neno moja tu, na neno lenyewe lilikuwa jepesi, ningeweza kusema sijui nikarudi jikoni. Lakini nyuma ya pazia kulikuwa na bakuli la wali nililolitenga kwa mkono huohuo, na picha ya mtu ambaye hajawahi kunisikia nikidanganya.

"Jumamosi mchana, mwanangu," nikasema.

"Si bahati tu?" Nanae akarukia. "Misuzu, mtu anaweza kununua zawadi!"

"Mwalimu," Misuzu akasema, hajamwondolea macho Tomoharu. "Wewe unaijua hadithi hii kuliko unavyomjua mke wako. Kabla ya leo, imewahi kutokea kengele ya upepo hata mara moja?"

Mwalimu Genta akaishusha kofia taratibu.

"Hapana, dada. Haijawahi."

"Tomo. Jumamosi ulikuwa wapi?"

"Kazini."

"Ukiwa umebeba nini?"

Akakaa.

"Furushi moja tu la majarida lilikuwa limelegea," akasema kwa sauti ndogo. "Nilisema nitatazama ukurasa wa kwanza. Basi nilipoona ni Rensuke, nikaona mbingu zenyewe zinanifungulia mlango. Nielewe, Misuzu! Mwaka mzima natafuta namna. Ningefanyaje? Mtu habahatishi kitu anachokipenda hivi!"

"Uliapa kwa kaburi la baba yako."

"Niliogopa!"

"Ningekuelewa ukiogopa. Jana nilifikiri unaogopa, na umesimama hivyohivyo. Usiku mzima nimekaa na picha ya mtu huyo."

"Ni mimi yule!"

"Yule alikuwa anaweza kunikosa. Wewe ulikuwa unacheza na jibu mfukoni."

Nje magari ya kukwangua theluji yalikuwa yanapita.

"Niambie nifanye nini," Tomoharu akasema. "Chochote. Nitakiomba radhi kila kiti humu ndani."

Misuzu akairudisha kengele kwenye boksi, polepole, isigongane na kitu. Akalisukuma boksi mbele ya Tomoharu.

"Jana, tukiosha vikombe, nilikuwa nimeshakubali," akasema. "Ungeshindwa leo, Sayo akaenda na Hayato wake, ningekujibu ndiyo mbele ya hawahawa. Muulize Mama."

Tomoharu akanigeukia. Safari hii macho hayakuomba kitu.

"Ni kweli," nikamwambia. "Alikuwa amekubali."

Akatoa sauti kama mtu aliyekanyagwa. Akaingiza mkono kwenye boksi, akaitoa ile kengele, akasimama nayo inaning'inia kwenye kidole, nadhani hata yeye hakujua anataka kuifanya nini.

"Misuzu."

Misuzu alivaa koti lake, akafunga skafu mpaka kidevuni, akaniinamia mimi, akamwinamia Mwalimu. Kisha akasogeza mlango. Upepo wa theluji ukaingia mpaka mezani, na kengele ikalia mkononi mwa Tomoharu, sauti safi, nzuri, kama ya kiangazi.

Misuzu hakugeuka.