Mita Thelathini na Moja

Kila siku nikitoka shule, kazi yangu ya kwanza ni kuchambua maharage. Navua sare, nakaa kwenye kigoda nyuma ya mgahawa wa mama, mawe naweka huku, maharage naweka kule, na upepo wa Same unanijaza vumbi machoni. Mama anapika makande ya mahindi na maharage, na mtu akishayaonja lazima aombe kuongezewa. Kwa hiyo tatizo letu halikuwa makande. Tatizo letu lilikuwa kwamba hakuna aliyejua kama tupo.

Mgahawa uko nyuma ya kibanda cha Mjomba Erasmo, fundi wa pancha, ndani kidogo kutoka barabara kuu iendayo Arusha. Malori yanapita mbele yetu mchana kutwa. Madereva wana njaa, sisi tuna chakula, na katikati yetu kuna ukuta wa Mjomba Erasmo. Ipo siku tuliuza sahani nne tu. Mama akaliangalia sufuria lililojaa, akasema, "Agatha, mambo yakiendelea hivi nafunga. Tutarudi Vudee kulima."

Vudee naipenda, ndiko kwa bibi. Lakini nilikuwa darasa la sita, na sikutaka kuacha shule yangu wala rafiki yangu Leticia. Baba anafanya kazi kwenye machimbo ya jasi kule Makanya na huja nyumbani Jumamosi. Aliposikia habari ya kufunga, alisema, "Jaribuni kwanza kuweka bango."

Mimi nilidhani bango ni kuchora na kusimika, basi. Kumbe. Kwanza inatakiwa barua ya mwenyekiti wa mtaa. Barua ikipatikana, inatakiwa fomu. Fomu ikijazwa, wanataka mchoro wa bango, urefu wake, upana wake na rangi zake. Mama alikwenda ofisi za halmashauri mara tano kwa miguu, juani, na kila aliporudi alivua viatu akavipiga ukutani kukung'uta vumbi. "Wananipiga danadana," alisema. Mara ya tano alirudi na karatasi ya mwisho. Ilikuwa na nafasi moja tu ya kujaza: umbali wa bango kutoka katikati ya barabara.

Kaka Rogers, mchora mabango, ndiye aliyetufafanulia. "Mama Agatha, kando ya barabara kuu kuna hifadhi ya barabara. Ni mita thelathini kila upande, zinahesabiwa kutoka katikati ya lami. Bango lako lazima lizidi hapo." Akatuazima futi kamba yake, ile ndefu ya mafundi. Kisha akanigeukia. "Usiingie barabarani. Pima kutoka ukingo wa lami, halafu ujumlishe mita tatu na nusu. Hiyo ndiyo nusu ya lami."

Mama alikuwa amepanga bango likae mdomoni mwa kichochoro cha kuingilia mgahawani. Alikuwa na moto jikoni, kwa hiyo akanipa futi na fomu. "Mwite Leticia akushikie upande wa pili. Pima vizuri, uandike, uniletee nitie saini."

Nilimkuta Leticia uwanjani anacheza rede, ule mchezo wa kukwepa mpira. Akaniambia nisubiri mzunguko mmoja. Nikasubiri mmoja, nikaingia wa pili, na mchezo ukakolea. Niliposhtuka, jua lilikuwa linazama na Leticia alikuwa anaitwa kwao. Nikapita mbio pale kichochoroni, nikaangalia barabara, nikaangalia mahali penyewe. Kwa macho nikaona ni mbali vya kutosha. Nikachutama, nikaandika: mita 31. Sikuandika thelathini kamili, maana niliona itafanana na namba ya kutunga. Ndivyo nilivyojiona mjanja.

Mama aliniuliza, "Umepima?"

"Nimepima."

Akatia saini bila kuuliza tena.

Kibali kilitoka. Kaka Rogers akakiamini, akasimika mabomba mawili ya chuma, akayamwagia zege, akapandisha bati kubwa jekundu lenye maandishi meupe: MAKANDE YA MAMA AGATHA, INGIA NDANI. Watu wakaingia kweli. Wiki ya kwanza tuliongeza sufuria la pili. Madereva walisimama chini ya bango kukimbia jua wakisubiri nafasi mezani. Mama akawa anaimba nyimbo za kwaya akikoroga, na habari ya kufunga sikuisikia tena.

Wiki ya tatu nilitoka shule nikakuta mama amesimama mbele ya bango, mikono kiunoni. Kwenye bomba moja kulikuwa na alama ya X ya rangi nyekundu, na chini yake: ONDOA. SIKU 7.

Sijawahi kumwona mama amekasirika vile. Hakupiga kelele. "Mara tano nimekwenda," alisema. "Karatasi zote wamezitaka, nimewapa. Kibali ninacho. Sasa wanataka nini kwangu?" Akafunga jiko na maharage yakiwa bado magumu, akajifunga kanga ya pili, akanishika mkono. "Twende. Wewe ndiye uliyepima, utakuwa shahidi wangu."

Njia nzima nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mara tatu nilifungua mdomo nimwambie, mara tatu nikaufunga. Nilijiambia labda X ile ina sababu nyingine. Labda ni rangi ya bango. Labda wamekosea bango.

Afisa wa mabango alikuwa dada mmoja mrefu, Bi Sumaiya, mwenye sauti ya taratibu. Nilimwamkia, "Shikamoo." Akaitikia, "Marahaba," akafungua faili letu.

"Mama, hapa umetuandikia mita thelathini na moja," alisema. "Wakaguzi wetu wamepita na futi, wamepata ishirini na mbili."

"Basi wamekosea," mama akajibu.

"Wamepima mara mbili, mama."

"Na mimi nasema wamekosea. Sikiliza, binti yangu. Mimi sikusoma sana, lakini huyu mtoto anasoma, na hesabu anaongoza darasani. Amepima kwa mikono yake. Wanangu sikuwalea kusema uongo. Kama kuna mtu anatafuta chochote kwangu, aseme wazi, asisingizie futi."

Bi Sumaiya alikunja uso, kwa sababu alikuwa amehisi tusi lile. Akanitazama. "Ni wewe uliyepima?"

Mama alikuwa amenishika bega, na mkono wake ulikuwa na uhakika wote.

"Ndiyo," nikasema.

"Haya," alisema Bi Sumaiya. "Kesho saa nne nakuja mwenyewe na futi. Tutapima wote pamoja."

Mama aliona hapo ameshinda. Jioni ile alipita nyumba kwa nyumba, akiwaambia majirani waje washuhudie jinsi wanyonge wanavyoonewa. Mimi nilijifanya naumwa tumbo ili nisifuatane naye. Nilikuwa na hasira na kila mtu. Nilikasirikia mita zao, fomu zao na rangi yao nyekundu. Kwa nini waweke sheria ndefu hivyo kwa ajili ya bati moja? Nilimkasirikia hata Leticia na rede yake. Ilinichukua muda kukubali kwamba kwenye fomu ile mwandiko ulikuwa wangu peke yangu.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Saa nne watu wapatao ishirini walikuwa wamejaa kichochoroni. Baba alikuwa amefika na basi la asubuhi. Mjomba Erasmo aliacha tairi la watu na kusogea na mikono yake myeusi kwa grisi. Bi Sumaiya akatoa futi kamba kwenye mkoba.

Mama akasimama mbele ya watu. "Majirani, mnanifahamu. Sijawahi kumdhulumu mtu hata punje ya mahindi. Leo nataka mwone ukweli kwa macho yenu." Akachukua ncha ya futi, akanipa mimi. "Shika wewe, Agatha. Uwaonyeshe ulivyopima."

Nikaishika ncha ile. Nilijua nikinyamaza dakika mbili tu, futi itasema yenyewe, na mimi ningeweza kudai nilikosea kuhesabu. Kukosea kila mtu anakosea. Lakini mama alikuwa ameinua kidevu mbele ya mtaa mzima kwa sababu yangu, na futi ingemwangusha yeye kwanza.

"Mama," nikasema. "Sikupima."

"Unasemaje?"

"Siku ile sikupima. Nilikwenda kucheza. Namba niliitunga. Na jana ofisini nilidanganya tena."

Mtu mmoja nyuma akaguna, baba akainamisha kichwa. Mama hakunipiga, wala hakunigombeza. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la mgeni, kisha akamgeukia Bi Sumaiya.

"Jana nilikutamkia neno baya," alisema. "Nisamehe, binti yangu. Nilikuwa nasimamia neno la mwanangu."

"Yameisha, mama," Bi Sumaiya akajibu.

Mama akanigeukia mimi. "Shika futi. Leo utapima."

Nikapima mbele ya wote, kutoka ukingo wa lami. Mita kumi na nane na nusu. Nikajumlisha tatu na nusu. Ishirini na mbili.

Bi Sumaiya alichutama karibu yangu akiikunja futi. "Unadhani tunapenda kung'oa mabango ya watu? Lori likikatika breki, dereva analitoa barabarani, na lazima apate pa kulipeleka. Akikuta hapa mabomba ya chuma, na chini yake watu wamejikinga jua, nani atapona?" Mimi mwenyewe nilikuwa nasimama pale kila siku nikisubiri gari la maji.

Bango tuling'oa siku ileile. Baba alinipa mtaimbo. Ardhi ya Same ni ngumu, na zege lilikuwa gumu zaidi. Hadi alasiri mikono yangu ilikuwa imetoka malengelenge. Mgahawani madereva walikuja wachache, halafu wakapungua kila siku. Usiku mmoja nilisikia mama akimwambia baba habari za Vudee tena.

Aliyetuokoa ni Mjomba Erasmo. Kona ya kiwanja chake ilikuwa nje ya hifadhi, na bango likisimama pale lingeonekana barabarani. "Wekeni hapo," alisema, "ila na la kwangu la pancha likae chini ya lenu. Dereva akisubiri tairi, aende kula makande." Bi Sumaiya alikubali bango moja la watu wawili, mradi tuanze fomu upya na vipimo viwe vya kweli.

Safari hii sikuhitaji kuitwa. Niliazima tena futi ya Kaka Rogers, nikapima na Leticia, nikarudia, nikaandika: mita 32 na sentimita 40. Nikampelekea mama fomu. Hakutia saini. Alizima moto, akajifunga kanga, akasema, "Lete futi."

Nilikasirika, sitaficha. Nilijisikia vibaya kukaguliwa kama mwizi mbele ya Leticia na Mjomba Erasmo. Lakini nikaenda nikamshikia ncha ya pili. Mama alivuta polepole, akainama, akasoma, akahesabu kwa vidole. Kisha akachukua kalamu akatia saini juu ya goti lake.

"Thelathini na mbili na arobaini," alisema. "Umepata." Akanirudishia futi. "Agatha, bati tunaweza kununua jingine hata kesho. Neno la mtu haliuzwi dukani. La kwako uliliangusha, nami nilikuwa nimelisimamia mbele za watu. Leo nimepima nyuma yako, na kesho nitapima tena. Wewe endelea kupima vizuri tu. Ipo siku nitaona sina haja ya kuja."