Mbegu za Komamanga la Mwisho

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alifagia uwanja, akamtungia Bibi yake uzi kwenye sindano, kisha akapiga domo mpaka chai ikapoa. Ndiyo maana wakamwita Chiriku. Bibi alikuwa fundi cherehani, lakini macho yake siku hizi yaliona ukungu mtupu.

Nyuma ya nyumba palikuwa na mkomamanga alioupanda marehemu Babu. Upepo mkali uliung'oa, likasalimika komamanga moja tu. Bibi alilipasua, akampa mjukuu wake punje zote.

"Zioshe kwanza, mama, ile nyama nyekundu itoke yote, la sivyo zitaoza. Zikaushe kivulini, ndipo uzipande. Nataka niushike tena mti wa babu yako kabla sijamfuata."

"Usijali, Bibi! Nitaziosha mpaka zing'ae!"

Thubutu! Wenzake walikuwa nje wanamwita wakaruke kamba. Chiriku alizifukia punje na nyama zake kwenye makopo, huyoo, akatoka mbio.

Wiki zikapita. Hakuna kilichoota.

"Vipi, zimeota?" Bibi aliuliza kila jioni.

"Bado kidogo, Bibi."

Mwishowe Chiriku alichoka kuulizwa. Aling'oa mche wa pilipili uliojiotea karibu na bomba, akaupandikiza koponi. "Umeota, Bibi!"

Bibi alicheka na kulia kwa pamoja. Akatoa sandukuni shati la Babu, lile alilolitunza miaka yote, akachukua mkasi ili aushonee mche kivuli. Mkasi ulipogusa kola, Chiriku alishindwa kuvumilia.

"Bibi, usikate! Huo ni mpilipili. Sikuziosha mbegu, nilikimbilia kuruka kamba. Nimekudanganya."

Bibi aliuweka mkasi chini, akalikunja shati taratibu. Kisha Bibi akasema, "Yalete makopo."

Waliyamwaga juu ya gunia. Karibu mbegu zote zilikuwa zimeoza, zinanuka. Chiriku alichambua udongo huku machozi yakimtiririka. Kopo la mwisho lilijaa sisimizi, na humo akakuta mbegu chache ngumu, safi, nyama imeliwa yote.

Bibi alizipapasa, akaangua kicheko. "Kumbe sisimizi wamefanya kazi uliyoikimbia wewe! Wao hawana kamba ya kuruka."

Walizipanda upya pamoja. Asubuhi moja Chiriku alikishika kidole cha Bibi taratibu, akakigusisha kwenye chipukizi jembamba.

"Huu sasa ndio wenyewe," Bibi akanong'ona, akamvuta mjukuu wake kifuani. "Nilikusamehe siku ile ile. Lakini ungeniambia mapema, tungeokoa nyingi zaidi. Mbegu ndiyo hufukiwa, mwanangu. Kosa halifukiwi."