Mwanamke Aliyesainiwa Kuwa Ametoka

Mimi ni mtu wa masihara. Msibani nachekesha, hospitalini nachekesha. Mama mkwe alipotumbukia kwenye pipa la maji, nilimaliza kucheka kwanza ndipo nikamvuta miguu. Kwa hiyo nikikwambia hili halichekeshi, tulia unisikilize.

Kazi yangu ni kuchora mishale. Njia yetu ni ya siku nne, vilima na msitu, na watu huja kuipita kwa miguu au juu ya farasi. Mshale wa njano ni wa miguu, wa buluu ni wa farasi. Anayeingia anasaini daftari getini. Akitoka anasaini tena.

Jioni ile nilikwenda ofisini kumuulizia shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, anayefundisha farasi wetu njia. Alipaswa kurudi mchana. Jua lilikuwa linazama, na bandani kulikuwa na nafasi moja tupu.

"Shemeji yako?" Bosi hakuinua macho kwenye simu. "Ametoka zamani. Huyo hapo, amesaini."

Nikatazama daftari. Saini nzuri, yenye mkia mrefu.

"Bosi, shemeji yangu hajui hata kushika kalamu. Anapiga dole gumba."

Bosi akaendelea kubofya simu.

"Basi leo amejifunza," akasema. "Usinichoshe, bwana vichekesho. Kesho wakaguzi wanakuja, sitaki jina linaloning'inia."

Nikafunua kurasa za nyuma, msimu uliopita. Kulikuwa na mwanamke mmoja mwenye kofia ya kijani, aliyenitania getini kwamba tumbo langu litafika kabla yangu. Sikumwona akirudi. Kwenye jina lake: *ametoka*, na saini.

Mkia uleule.

Damu ilinichemka mpaka masikio yakaziba. Maana baada ya mwanamke yule kuingia, bosi alinituma kuifunga njia ya msituni. Na kufunga njia kunaanzia ndani: unaenda mpaka mwisho, unahakikisha hakuna mtu, ndipo unakwangua alama ukirudi. Bosi aliniambia nikwangue za mlangoni tu.

Nikakwangua za mlangoni tu. Nikarudi kunywa chai.

Nilichukua tochi, brashi na kopo la rangi, nikaelekea msituni nikitukana kwa sauti. Nilimtukana bosi, nikamtukana baba wa bosi, nikajitukana mwenyewe.

Kwenye mdomo wa msitu nikanyamaza.

Mishale ilikuwa imerudi. Kila jiwe nililokwangua lilikuwa na mshale mpya, uliochorwa kwa kidole. Haikuwa rangi. Nilinusa... udongo mbichi, na kitu kitamu kilichooza.

Yote ilielekea ndani.

Nikaifuata. Hakuna ndege. Hakuna upepo. Kisha nikasikia farasi akihema.

Shemeji alikuwa juu ya tandiko, wima kama msumari, macho yamemtoka pima. Midomo ilikuwa imemkauka.

"Shem," akanong'ona. "Usije mbele. Ameshika hatamu."

"Nani?"

Hakujibu. Hatamu zilikuwa zimenyooka mbele ya farasi, zimekazwa hewani...

Nikainua tochi. Kwanza niliona kofia.

"Mchora mishale," sauti ikasema, taratibu, kama mtu aliyechoka sana. "Nilizunguka siku kumi na moja. Nilikuwa nasubiri mnitafute."

Mkojo ulinitoka. Sioni aibu.

"Mwachie kijana," nikasema. "Ana mtoto wa wiki tatu."

"Nionyeshe pa kutokea, nitamwachia."

Nilifungua kopo. Nikachovya brashi. Nikachora mshale wa njano kuelekea nje. Nikachora wa pili. Nyuma yangu kwato zilifuata polepole, na pamoja nazo miguu mingine, mitupu, inayoburuzwa.

Mdomoni mwa msitu njia inagawanyika. Kulia ni barabara kuu. Kushoto ni ofisi, na chumba cha nyuma anacholala bosi siku za ukaguzi.

Nilisimama pale. Ningeweza kwenda kulia. Naapa nilifikiri hivyo... kwa pumzi moja.

Nikachora kushoto.

Mshale wa mwisho niliuchora kwenye mlango wake. Nikagonga.

"Nani?" bosi akaguta.

"Una mgeni, bosi. Anataka kusaini mwenyewe."

Hatamu zililegea. Nilimshika shemeji kiunoni, nikamshusha, tukakimbia. Nyuma yetu mlango ulifunguka. Sikusikia kelele, na hilo ndilo linalonisumbua. Nilisikia bosi akisema, kwa upole ambao hajawahi kunisemesha nao, "Karibu, mama. Ingia."

Asubuhi chumba kilikuwa kitupu, viatu vyake viko mlangoni. Shemeji anasema hakumwona mwanamke yeyote. Anasema farasi aligoma tu, na mimi ndiye niliyekuwa nikiongea peke yangu.

Wakakusanyika watu thelathini kumtafuta bosi. Wakaniomba niwaongoze, maana njia naijua mimi. Niliwapandisha vilima, nikawashusha mabondeni, siku tatu. Kila mahali, isipokuwa pale.

Siku ya tatu, giza likianza kuingia, tulipita karibu na msitu. Mke wa bosi akanishika mkono.

"Kaka, husikii? Kuna mtu anaita."

Nilisikia. Sauti ilikuwa mbali ndani, imepasuka, inarudia, "Bwana vichekesho, bwana vichekesho."

"Huyo ni ndege, dada," nikamwambia. "Twende, usiku unaingia."