Ndoo ya Nyuma ya Bucha

Kila jioni, baba akishafunga bucha, mimi ndiye niliyebeba ndoo ya mabaki: matumbo yasiyouzika, damu na mavi ya ng'ombe. Niliimwaga nyuma ya zizi letu. Lo! Uvundo ule uliniingia mpaka kwenye nywele, na nzi walinisindikiza kwenda na kurudi.

"Baba, pananuka huko!"

"Fisi watasafisha," alijibu bila hata kugeuka. Wenye bucha wote mtaani walifanya hivyohivyo.

Fisi wakala kweli, wakazoea. Asubuhi moja tukakuta zizi la mabua limebomolewa. Mbuzi wangu, Mapengo, hayupo. Zilibaki kwato na damu. Nililia mpaka kamasi zikanitoka.

Jioni baba akaniletea chupa ya sumu. "Mwagia kwenye ndoo. Leo tunamaliza ukoo mzima!"

Nikafunua ndoo. Funza walikuwa wakipandiana. Mbwa wetu, Polisi, alishafika, anajilamba midomo, maana kila siku yeye ndiye aliyeonja kwanza.

"Simwagi, baba. Atakufa Polisi kabla ya fisi. Kuku wa jirani nao watadonoa, na mayai yao tunayala sisi!"

"Fisi kamla mbuzi wako, nawe unamtetea?"

"Namchukia! Lakini sisi ndio tuliomwandikia meza mlangoni petu. Hebu njoo unuse."

Baba akainama juu ya ndoo. Mara akageuka pembeni, akatapika. Mchinjaji mzima!

"Mwanangu," alisema akijifuta mdomo, "hiki ndicho unachobeba kila siku?"

"Kila siku, baba."

Kesho yake aliirudisha sumu dukani. Akachimba shimo refu, akalitengenezea mfuniko mzito. Zizi akalijenga upya kwa mbao nene, likapata paa na mlango wa bati. Fisi bado tunawasikia wakicheka huko vichakani, ila mbuzi wote wapo.

Wenye bucha wenzake walipokuja kushangaa, baba aliwaambia, "Fisi ni wa hapa tangu zamani. Anakula mizoga porini, anatukinga na magonjwa. Mwacheni aishi. Sisi tufukie uchafu wetu na tufunge mifugo yetu vizuri."

"Na binti yako hachoki kubeba ndoo hadi shimoni?" mmoja aliuliza.

Baba akaangalia chini. "Siku hizi naibeba mwenyewe," alisema.