Mdomo wa Shangazi

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Chiriku alimtungia shangazi yake uzi kwenye sindano ya cherehani, kisha akampa kidonge chake cha ugonjwa wa akili. Shangazi alikuwa amekinywa miaka mingi, na akili ilikuwa imetulia. Hospitalini dawa zilitolewa dirishani. Wakubwa wa pale walikijua kikopo chake cha dawa. Sura yake hawakuijua.

Ndiyo maana mdomo wake ulipoanza kutafuna pasipo chakula, aliyeona ni Chiriku peke yake.

"Dawa hiyohiyo ilinipinda shingo mimi," fundi viatu wa jirani alimwambia Chiriku alipomsimulia. "Nikapewa vidonge hivi, shingo ikanyooka. Vimebaki, kampe."

Chiriku akampa. Wiki zilipopita, ulimi nao ukaanza kuchomoza na kurudi. Siku moja mteja alishtuka, akanyakua kitambaa chake mezani.

"Unanitolea ulimi? Mtu mzima mwenzio?"

"Si mimi, dada. Unatoka wenyewe."

"Basi na mimi natoka mwenyewe!"

Shangazi aliinamia cherehani. "Nikiacha dawa, ugonjwa utanirudia. Nisipoacha, nani ataniletea nguo?"

Baba alipoambiwa, aliruka kitini. "Dirishani hatwendi! Leo watamtazama usoni, wapende wasipende."

Hospitalini, daktari alimvua Shangazi viatu, akamkalisha, akamwambia agusishe kidole gumba na vidole vingine. Vidole vilipocheza, mdomo ukatafuna zaidi.

"Anakunywa nini kingine?"

Chiriku alitoa vidonge mfukoni. "Vya fundi viatu. Dawa hiyohiyo ilimpinda shingo, akapona kwa hivi."

"Loo! Mwanangu, shingo ya fundi ilikaza siku za mwanzo za dawa. Hivi ni vya hiyo. Wengine hutetemeka na kukakamaa, wengine hawatulii kitini. Hii ya shangazi yako nayo huletwa na dawa, ila huchelewa, huja baada ya miezi au miaka, na vidonge hivi huweza kuizidisha."

Chiriku alivisukumia mbali vidonge. "Kumbe ni mimi!"

"Ulizidisha, hukuanzisha," Baba alifoka. "Waliopaswa kumtazama walikuwa wapi?"

Daktari aliinamisha kichwa. Aliondoa vidonge vya fundi, akambadilishia Shangazi dawa polepole. Baada ya miezi kadhaa ulimi ulitulia, ingawa mdomo bado ulicheza kidogo. Wateja walianza kurudi, mmoja mmoja.

"Sikia, Chiriku," Baba alisema. "Dawa ya jirani ni ya jirani. Ukiona mwili wa mgonjwa unabadilika, usikisie, wala usimwachishe dawa. Piga kelele mpaka aliyekalia kiti ainuke, aje amtazame."